Chumvi kwenye bwawa la samaki: lini uweke, kiasi gani, na lini uache

Huku kwetu kusini kuna maneno yameenea kwamba samaki akiyumba tu we mwaga chumvi atapona, na kwa vile chumvi tunayo, pwani yote hii kuanzia Kilwa, Lindi mpaka Mtwara watu wanavuna chumvi ya jua, basi inamwagwa kweli kweli. Mi naipenda chumvi. Ni dawa ya bei ndogo, haimdhuru atakayemla huyo samaki, na kuna matatizo inayatibu vizuri kuliko dawa za ghali. Lakini ni dawa, ina kipimo, kuna magonjwa inatibu na mengine haiyagusi kabisa, na siku hizi napata meseji nyingi za watu wanaopoteza samaki huku gunia la chumvi liko pembeni. Kwaiyo toleo hili ni chumvi tu. Majina ya waliouliza nimeyaondoa kama kawaida yetu, nimebakiza sehemu mtu anapotoka.

SWALI (Chikongola, Mtwara): Shikamoo mwalimu. Nina kabwawa ka saruji uani, urefu mita 3, upana mita 2, maji yanafika sentimita 80. Nimeweka goldfishi, sato wachache na mayungiyungi mawili ya urembo. Miezi mitatu nyuma samaki walikuwa wanajikuna kwenye ukuta, jirani akaniambia niweke chumvi kilo mbili kila wiki, nikaweka na kweli kujikuna kukaisha, nikaendelea tu ili wasirudie. Maji yakipungua naongeza. Sasa majani ya yungiyungi yanaungua pembeni na kila alfajiri nakuta samaki wamejipanga juu wanahema. Niongeze chumvi au nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze hata punje.

Jirani yako mwanzoni alikusaidia, samaki anayejikuna ukutani mara nyingi ana vijidudu vidogo sana kwenye ngozi na matamvua, na vingi vya hivyo vinakufa kwa chumvi. Ila hakukwambia jambo kubwa kuliko yote, kwamba chumvi ikishaingia bwawani haiondoki yenyewe. Jua linakausha maji, chumvi inabaki palepale, ndo maana huko kwenye mashamba ya chumvi wanaivuna. Sasa we ukiongeza maji kufidia yaliyokauka, chumvi ya wiki iliyopita bado ipo, ya wiki ile nyingine ipo, alafu juu yake unamwaga kilo mbili mpya. Hebu tupige hesabu ya bwawa lako. Mita 3 mara mita 2 mara 0.8 unapata mita za ujazo 4.8, zidisha kwa 1,000, hizo ni lita 4,800. Miezi mitatu kwa kilo mbili kila wiki ni kama kilo 25, yani gramu 5 na ushee kwenye kila lita ya maji. Sato hilo halimsumbui, huyo anaishi hata kwenye maji yenye chumvi zaidi ya hapo. Goldfishi atavumilia kwa muda lakini hapo sio pa kukaa miezi. Yungiyungi hawezi kabisa, mimea mingi ya maji baridi ikishapita gramu moja kwa lita inaanza kulalamika na majani kuungua pembeni ndo dalili yenyewe.

Ngoja nieleze kwanini chumvi inasaidia, maana ukielewa hili hutahitaji kuniuliza kipimo kila mara. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi, kama gramu 9 kwa lita, na maji anayoogelea hayana karibu kitu. Kwaiyo maji yanamwingia muda wote kupitia matamvua na ngozi, na chumvi yake inamtoka. Yuko kama mtu ndani ya mtumbwi unaovuja, kutwa kucha anakumba maji, na kazi hiyo anaifanya kwa mkojo mwingi na kwa matamvua yanayovuta chumvi kuirudisha mwilini. Akiwa mzima anaweza. Akiwa na kidonda, au ametoka safari, au ametibuliwa na vijidudu, kazi inamzidi. Ukimwekea chumvi kidogo majini tofauti inapungua, anapumzika, nguvu anapeleka kwenye kupona. Hiyo ndo faida ya kwanza. Ya pili ni kuua vijidudu vya ngozi maana vyenyewe ni vidogo, chumvi inavikausha kabla haijamfikia samaki. Ya tatu nitaieleza kwa kaka wa Mitwero hapo chini.

Kuhema alfajiri ni jambo lingine, hilo ni oksijeni. Usiku mimea na ule ukijani wa maji vinavuta oksijeni badala ya kuitoa, kwaiyo saa kumi na moja asubuhi ndo muda bwawa lina hewa kidogo kuliko muda wowote. Maji ya joto yanashika oksijeni kidogo, na hapa Mtwara maji hayapoi, chumvi nayo inapunguza kidogo, afu majani yanayooza yanakula iliyobaki. Toa majani yote yaliyoungua leo, punguza chakula nusu, na tafuta namna maji yawe yanadondoka kutoka juu, pampu ndogo inatosha, kama hamna pampu basi jioni na alfajiri chota kwa ndoo na umwage kwa juu mara kadhaa.

Chumvi utaitoa kwa kubadilisha maji, hakuna njia nyingine. Toa robo ya bwawa, jaza maji mapya, subiri siku mbili tatu, toa robo tena. Ukifanya hivyo mara nne chumvi itabaki karibu theluthi ya iliyokuwepo. Usimwage yote kwa mkupuo, samaki wasikutane na maji mageni ghafla. Kama unajaza ya bomba, yaache kwanza kwenye chombo wazi siku nzima klorini itoke. Kama ni ya kisima, yaonje! Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi tayari, ukiihisi kwenye ulimi ujue bwawa lako limeshakuwa na dozi kabla hujaanza.

Siku nyingine wakijikuna fanya hivi. Pima bwawa, piga lita. Gramu 3 kwa kila lita ndo dozi ya vijidudu, kwa bwawa lako ni kilo 14 na nusu hivi. Igawe mara tatu, weka sehemu ya kwanza asubuhi, ya pili jioni, ya tatu kesho yake, kila mara uiyeyushe kwanza kwenye ndoo na umwage ukizunguka bwawa lote. Yungiyungi mtoe kabla, mweke kwenye beseni. Iache siku 10 mpaka 14 ili ishike hata vile vijidudu vinavyojificha chini na kutoka baadaye, hasa wale wa madoadoa meupe, hao chumvi inawapata wakiwa wanaogelea tu, wakishajichimbia ndani ya ngozi ya samaki haiwafikii. Baada ya hapo badilisha maji mpaka chumvi iishe. Ya kuweka kila wiki "ili wasirudie" iache kabisa, kuna vijidudu vinazoea chumvi, na siku ukiihitaji kweli utakuta haifanyi kitu.

SWALI (Mitwero, Lindi): Habari mwalimu. Nafuga kambale kwenye simtanki la lita 1,000, ndo wiki ya tatu tangu niwaweke. Juzi wameanza kufa, watano sita kwa siku, walio hai wanapanda juu kuvuta hewa. Nimefungua shavu la aliyekufa matamvua yana rangi ya kahawia. Kuna jamaa ananiambia niweke chumvi kilo tano. Maji naona masafi tu.

JIBU: Kaka, asante sana kwa kufungua shavu, wengi hawafungui na ndo penye jibu lote. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu ya kung'aa. Yakiwa ya kahawia, na damu yenyewe ukimkata inatoka ya kahawia, hiyo ni nitraiti imeingia kwenye damu. Samaki anaingiza oksijeni lakini damu haiwezi kuibeba.

Inakujaje? Kinyesi na chakula kilichobaki kinatoa amonia. Kuna bakteria wanaibadilisha amonia kuwa nitraiti, na bakteria wengine wanaibadilisha nitraiti kuwa naitreti ambayo haina shida sana. Kundi hili la pili linachelewa kuzaliana, kwenye tanki jipya lote likae sawa inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita, kwaiyo wiki ya pili ya tatu nitraiti inapanda na hakuna wa kuila. Haina rangi wala harufu. Maji masafi kwa macho ndo yanaua hivi.

Na hapa ndo ile faida ya tatu ya chumvi ambayo naiona ni kubwa kuliko zote kwa mfugaji wa tanki. Nitraiti inaingia kwa samaki kwa kupita mlango uleule wa matamvua anaoutumia kuvuta kloraidi, na chumvi zaidi ya nusu yake ni kloraidi. Ukiweka chumvi, kloraidi inajaa mlangoni, nitraiti inakosa njia. Haiondoki majini, bado ipo, ila haiingii. Na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, kwa lita 1,000 gramu 250 zinatosha kabisa, robo kilo kaka, sio kilo tano! Kilo tano kwa kambale ni kumtesa, hana magamba, ngozi yake iko wazi. Yeyusha vizuri kabla ya kumwaga, punje ya chumvi ikimkalia kambale mgongoni inamuunguza.

Leo hii acha kulisha, siku mbili tatu bila chakula kambale hafi. Toa theluthi ya maji ujaze mapya, weka hiyo robo kilo, kesho toa tena theluthi na urudishe chumvi kulingana na maji uliyotoa, yani theluthi ya robo kilo, kama gramu 80. Endelea hivyo mpaka vifo vikome. Ukianza kulisha tena anza na nusu ya ulichokuwa unatoa. Chumvi haigusi amonia, hiyo dawa yake ni kubadilisha maji na kupunguza mlo.

Kuhusu kupanda juu, kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwaiyo akipanda mara mojamoja akavuta akashuka huyo mzima. Anayebaki juu hashuki, amelegea, ndo mgonjwa.

SWALI (Mikindani, Mtwara): Mwalimu sisi bahari iko hapo mlangoni, kwanini ninunue chumvi? Siwezi kuchota tu maji ya bahari?

JIBU: Unaweza, na ni wazo zuri. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwaiyo ndoo moja ya lita 20 ina gramu 700. Simtanki la lita 1,000 ukitaka gramu 1 kwa lita ni ndoo moja na nusu, ukitaka gramu 3 ni ndoo nne na kidogo. Kwa ile nitraiti ya kaka wa Mitwero lita 7 zinatosha.

Chota maji yakiwa yamejaa, sehemu ya wazi, mbali na vyombo vinavyomwaga mafuta na mbali na mifereji ya mji. Usichote mdomoni mwa mto wakati wa mvua, pale chumvi imechanganyika na maji ya juu na hesabu zako zote zinaharibika. Chuja kwa kitambaa, mwaga taratibu. Na kwa kuwa uko Mikindani, hapo kuna kampasi ya FETA, chuo cha uvuvi cha serikali, pita ukaulize kama wanaweza kukupimia maji ya kisima chako, umeshakaa jirani na watu wenye elimu hiyo kwanini ubahatishe.

SWALI (Tandahimba): Shikamoo mzee wangu. Jirani alipulizia mikorosho dawa ya wadudu, upepo ulikuwa unakuja kwangu, jioni samaki wakawa wanaruka na kuzunguka ovyo, asubuhi bwawa zima limeelea. Wamebaki wachache wamelegea. Nimeweka chumvi nyingi lakini wanaendelea kufa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, na pole sana, inauma. Hujakosea, ila chumvi hapo haina kazi. Dawa nyingi za kuua mbu wa mikorosho (yule mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, sio mbu wa kuuma watu) na wadudu wengine zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, zile za jamii ya pairethroidi ndo mbaya zaidi, matone machache yanatosha kumaliza bwawa la nyumbani. Salfa ya unga tunayopulizia ukungu sio kali hivyo kwa samaki, hofu yangu ni hizi za maji za wadudu. Dalili ulizoona, kuruka, kuzunguka, kupoteza mwelekeo, ni za sumu ya mishipa ya fahamu.

Waliobaki watoe sasa hivi uwapeleke kwenye maji mengine kabisa, hata kama ni pipa, hapo ndo chumvi gramu 1 kwa lita inaweza kuwapunguzia kazi. Bwawa limwage lote, sugua kuta, jaza, mwaga tena. Maji hayo yasielekee kwenye kijito wala kwenye bwawa la mtu. Samaki waliokufa wafukie, asile mtu, asile kuku wala paka. Na ongea na jirani kwa wema, mkubaliane akipulizia akwambie siku moja kabla ufunike bwawa kwa turubai, na apulizie asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia. Bomba la kupulizia lisioshewe karibu na bwawa, hata siku ile halijapulizia huko, vifo vingi vinatokana na maji ya kuoshea.

SWALI (Masasi): Nitumie chumvi gani? Dukani kuna ya pakiti yenye madini joto, sokoni kuna ya mawe. Na magadi je, si ni chumvi pia?

JIBU: Ya mawe, ile nyeupe safi isiyo na mchanga, ndo chaguo langu. Haina kitu kilichoongezwa. Ya pakiti yenye madini joto watu wanaiogopa bure, kiasi cha madini joto kwenye dozi hizi ni kidogo mno hakimdhuru samaki. Kinachonifanya nisiipende kwa dozi kubwa ni vile vitu vinavyoongezwa kwenye baadhi ya chumvi laini ili isigande, wala huhitaji kumpa samaki wako hivyo. Ila ikiwa usiku, duka moja liko wazi, samaki yuko hoi na iliyopo ni ya pakiti, tumia. Faida nyingine ya pakiti ni kwamba uzito umeandikwa, nusu kilo ni nusu kilo. Ya mawe ipime kwa mizani dukani, usiamini kopo, maana punje kubwa na ndogo hazijazi kopo sawa.

Magadi weka mbali na bwawa. Hayo sio chumvi ya aina hii, yanapandisha pH ya maji, yani kile kipimo cha ukali wa magadi au uchachu wa maji, na pH ikipanda amonia iliyokuwa imetulia inageuka kuwa kali. Nimeona watu wanaua bwawa zima kwa magadi wakidhani wanatibu. Chumvi ya kawaida haipandishi pH.

SWALI (Mingoyo, Lindi): Nina koi (samaki wa urembo) mmoja mkubwa, mdiria alimdonoa mgongoni, sasa kidonda kimeota kitu cheupe cha pamba. Wengine wazima. Niweke chumvi bwawa zima?

JIBU: Hapana, mtibu huyo peke yake, utatumia chumvi kidogo na wengine hawasumbuki. Hiyo pamba ni ukungu, unaota pale ngozi ilipokufa.

Chukua ndoo pana, weka lita 10 za maji ya bwawa lilelile ili joto liwe sawa, yeyusha gramu 100 za chumvi, koroga mpaka usione punje. Lowesha mikono, mtoe kwa kutumia neti laini, mtumbukize. Kaa hapo. Usiende kupokea simu. Mwanzoni atatulia chini, baada ya dakika chache utaona ute unamtoka mwilini na maji yanaanza kuwa na ukunguukungu, hiyo ni kawaida, na mapezi aliyokuwa ameyabana atayafungua. Angalia ubavu wake. Akianza kulala upande na hajirudishi mwenyewe, mtoe papo hapo hata kama ni dakika ya tatu. Akivumilia, dakika 10 zinatosha kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo usimrudishe bwawani, mweke kwenye beseni kubwa au pipa la lita 50 lenye chumvi gramu 150, lifunike kwa neti maana koi anaruka, na kila siku badilisha nusu ya maji kwa maji mengine yenye chumvi kipimo hichohicho. Siku tano mpaka saba utaona pamba imeondoka na kidonda kinaanza kufunga kutoka pembeni. Mlishe kidogo sana. Na bwawani tandaza neti juu au nyuzi, mdiria akishajua pana chakula hatosahau njia.

Nyongeza kwa wengine: ukiona kitu cha uzi kimening'inia kwenye mwili wa samaki, au kijidudu bapa kinatembea juu ya magamba, huyo ni mnyoo wa nanga au chawa wa samaki, na chumvi haiwaui wakubwa. Wang'oe kwa kibano taratibu, ndo umwogeshe samaki chumvi kusafisha tundu walipokuwa.

SWALI (Ligula, Mtwara): Nikiweka chumvi kwenye bwawa la sato, nyama itakuwa na chumvi? Na nisubiri siku ngapi kabla ya kula?

JIBU: Haitakuwa na chumvi, mwili wake unaipima wenyewe. Hakuna siku za kusubiri, vua upike. Hapo ndo chumvi inazizidi dawa nyingine. Ile rangi ya kijani ya malakaiti ambayo bado kuna watu wanaiuza kwa ajili ya ukungu, usiitie kabisa kwa samaki wa kula, haijaruhusiwa na mabaki yake yanakaa kwenye nyama.

SWALI (Rahaleo, Lindi): Chumvi itaua viluwiluwi vya mbu bwawani kwangu?

JIBU: Kwa dozi ya samaki, hapana. Na huku pwani kuna mbu wa malaria, Anopheles merus, ambaye anazaliana kwenye maji ya chumvi kabisa. Kazi hiyo waachie samaki, viluwiluwi ni chakula chao. We kata nyasi zinazoinamia majini ili samaki wafike pembeni, mbu wanapenda kujificha hapo.

SWALI (Nachingwea): Nategemea kuchukua vifaranga vya sato Songea, kile kituo cha Ruhila. Safari ni ndefu, nasikia chumvi inasaidia njiani. Ni kweli?

JIBU: Kweli kabisa, na hapa ndo mahali ambapo hata wale wasiopenda chumvi wanakubali. Kifaranga akishikwa na neti, akamwagwa kwenye mfuko, akatikiswa mpaka Tunduru na Masasi, chumvi ya mwili inamtoka sana, wengi hawafi njiani, wanakufa siku ya pili ya tatu nyumbani na mfugaji analaumu kituo. Omba waweke gramu 2 mpaka 3 kwa lita kwenye maji ya mifuko, kwa mfuko wenye lita 10 ni gramu 20 mpaka 30. Waombe pia wasiwalishe siku moja kabla, tumbo likiwa tupu hawachafui maji. Mfuko ujazwe oksijeni, maji yawe theluthi tu ya mfuko. Safiri usiku, mifuko isipigwe jua, iwekwe kwenye maboksi au ifunikwe na magunia yaliyoloweshwa.

Ukifika usiwamwage. Weka mfuko uelee juu ya bwawa dakika 15 au 20 joto lilingane, fungua, ingiza maji ya bwawa kidogokidogo, ndo uwaache watoke wenyewe. Kama bwawa lako ni dogo la saruji weka gramu 1 kwa lita kwa wiki ya kwanza. Kama ni la udongo usihangaike, ni kubwa na chumvi itaingia ardhini tu. Na bwawa likiwa jipya la saruji, lijaze na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kwenda Songea, saruji mpya inatoa chokaa inayopandisha pH na hakuna chumvi itakayokuokoa hapo.

SWALI (Ng'apa, Lindi): Mwalimu nimemaliza kutibu, nataka kubadilisha maji. Kawaida maji ya bwawa namwagilia mchicha na bamia, yanastawisha sana. Haya ya chumvi je?

JIBU: Mchicha na bamia usiwape, maharage ndo kabisa, maji ya gramu 3 kwa lita yataziunguza na chumvi itabaki kwenye udongo. Kama una minazi mwagia huko, mnazi unavumilia chumvi vizuri tu, zunguka mti mmoja baada ya mwingine, usimwage yote kwenye shina moja. Ukishabadilisha robo mara nne tano na ukionja husikii chumvi tena, rudi kwenye mchicha wako.